Mbona Binti Anafunika Mdomo Akicheka?

Tunapokutana katika vikao vya umoja wetu wa wanawake na kuanza kuzungumza juu ya vijana, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye yale tunayoyaogopa: mimba za utotoni, pombe, mirungi, marafiki wabaya. Hofu hizo zina msingi. Lakini sisi wauguzi tunaojitolea katika huduma ya afya ya kanisa tumezoea kuanza mahali pengine, kwenye jambo ambalo mama wengi huliona dogo, nalo ni kinywa cha kijana. Mwombe kijana wa miaka 13 au 14 afungue mdomo, umtazame meno na fizi, kisha umsikilize anavyojieleza kuhusu meno hayo. Utapata habari za nyumbani kwake, za shuleni kwake na za moyoni mwake kabla hujauliza swali la pili.

Tukumbushane kwanza habari za umri. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya meno yote ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo mama wengi hudhani nalo ni la utoto, nalo hutoboka bila mtu kujali. Kufikia miaka 12 au 13 meno ya utoto huwa yamekwisha na gego la pili limeota. Tangu hapo, jino likiharibika, hakuna lingine linalosubiri chini yake. Na huo ndio umri ambao mama huacha kusimamia mswaki, maana mtoto amekuwa mkubwa na anajua la kufanya. Tena ndio umri wa kubalehe, ambapo mabadiliko ya mwili hufanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi pakiwa na ukoga kidogo tu. Kijana akiona damu kwenye mswaki huogopa na kuacha kugusa mahali pale, kumbe pale ndipo panapodai kusuguliwa, kwa upole lakini kila siku, mpaka damu ikome.

Basi je, wasichana na wavulana ni sawa katika jambo hili? La hasha. Upo uchunguzi mkubwa unaofanywa kila baada ya miaka 4 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ukiwauliza wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15 katika nchi za Ulaya na Kanada juu ya afya na mienendo yao. Karibu kila nchi, kila mara, wasichana wanaosugua meno zaidi ya mara moja kwa siku ni wengi kuliko wavulana. Ulaya si Arumeru, tunakubali. Lakini mama yeyote mwenye watoto wa jinsia zote mbili anaweza kwenda kutazama miswaki ya nyumbani kwake. Wa binti umechakaa. Wa kijana wa kiume bado nywele zake zimesimama kama siku uliponunuliwa dukani.

Sababu hazimo katika damu. Zimo katika maneno tunayosikia majumbani. Binti huambiwa tangu mdogo: nenda kasafishe kinywa, msichana gani wewe, nani atakuoa ukinuka mdomo? Kaka yake aliye karibu hapo, amekula muwa na karanga na kulala, haambiwi neno. Kwa hiyo yule wa kiume hukua akijua kwamba usafi wa kinywa ni shughuli ya kike, kama kusuka nywele. Huanza kuupenda mswaki mwenyewe siku anapoanza pia kupiga pasi suruali bila kuagizwa, na mama mwenye macho hujua kwamba siku hiyo yuko binti fulani ambaye kijana anataka kumwonyesha meno. Wakati huo amekwisha kufika miaka 16 au 17, na magego yake yamekaa miaka kumi bila uangalizi.

Kwa binti madhara ni ya namna nyingine, na hayaonekani upesi. Aliyefundishwa kwamba meno ni kwa ajili ya mchumba husafisha yale ambayo mchumba atayaona. Tumewatazama wasichana wengi ambao meno yao sita ya mbele yanang'aa, na nyuma magego yametoboka. Ongeza hapo kwamba meno ya kudumu ya wasichana huota mapema kidogo kuliko ya wavulana, hivyo hukaa kinywani muda mrefu zaidi yakipambana na sukari. Ndiyo maana si ajabu kukuta binti anayepiga mswaki kila asubuhi akiwa na meno yaliyotoboka mengi kuliko kaka yake mvivu. Mama hushangaa na kusema ni meno ya ukoo. Si ya ukoo, ni mswaki usiofika nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisikii likitajwa katika mafundisho ya afya. Mswaki wenye faida kubwa kuliko yote ni wa usiku kabla ya kulala, kwa kuwa usingizini mate hupungua, na vijidudu hupata nafasi ya kula sukari iliyobaki na kutengeneza asidi. Sasa fikiria jioni ya nyumba zetu nyingi. Mvulana amekula, ametazama mpira, amelala. Msichana amepika, amepakua, ameosha vyombo, amebandika maji ya kuoga ya baba, amemlaza mdogo wake, na saa nne na nusu usiku anajitupa kitandani akiwa na daftari mkononi. Huyo ukimuuliza kwa nini hakusugua meno usiku, unamwonea. Katika nyumba moja tunayoifahamu, mama aliamua kwamba sufuria za jioni ni kazi ya wavulana siku tatu kwa juma. Wavulana walinung'unika, na baba mwanzoni hakupendezwa. Lakini binti alianza kulala mapema, tena akiwa amepiga mswaki.

Upande wa wavulana, linalotuogopesha sisi wauguzi zaidi ya mswaki ni kunyamaza. Mvulana amefundishwa kwamba mwanamume hulia kwa ndani. Jino likimuuma hutafuna upande wa pili. Likizidi hununua vidonge dukani, mara nyingi viuavijasumu viwili au vitatu bila kumaliza dozi, maumivu yakatulia, akadhani amepona. Usaha haujaondoka. Huja kwetu shavu limevimba hadi jicho limefumba, au, na hili ndilo la hatari, uvimbe umeshuka chini ya taya kuelekea shingoni. Mama, ukiona kijana ana uvimbe chini ya taya, ana homa, hawezi kufungua mdomo vizuri, anameza mate kwa shida au anapumua kwa taabu, usingoje asubuhi na usimpe kidonge kingine. Mpeleke hospitali saa ile ile. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa, na chanzo chake ni tundu la jino ambalo lingeweza kuzibwa miezi sita kabla.

Huku kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, tuna habari yetu ya pekee, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike. Maji yetu mengi yana madini ya floraidi kwa wingi, kwa sababu yanapita katika miamba iliyotokana na volkano. Wenzetu wa Bonde la Ufa upande wa Kenya, kule Nakuru, wanaijua shida hii kama sisi. Mtoto akinywa maji hayo tangu utotoni, wakati ganda la nje la meno yake ya kudumu bado linajengwa ndani ya fizi, meno huota yakiwa na mabaka meupe kama chaki, au rangi ya kahawia, na yakizidi hata huwa na vishimo. Watu wa mikoa mingine humtambua mwenyeji wa Arusha kwa meno. Sisi wenyewe nyumbani hatuoni ajabu, kwani jirani anayo, mwalimu anayo, mchungaji anayo. Shida huanza kijana anapotoka.

Mwaka juzi tulikaribishwa kufundisha afya katika darasa la kipaimara, tukiwa watatu: wauguzi wawili na mama mmoja mwalimu mstaafu. Darasani alikuwamo binti wa miaka 14, mwenye sauti nzuri sana ya kwanza katika kwaya ya watoto. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya mkoa mwingine. Tulimwona akicheka na ncha ya kitenge mdomoni. Kiongozi wa kwaya alitueleza kwamba tangu arudi hataki tena kuanzisha wimbo, na amehamia mstari wa nyuma. Mama yake, yeye, alikuwa na lalamiko la kiuchumi: binti anamaliza dawa ya meno ya nyumba nzima kwa juma moja.

Polepole alimweleza yule mama mwalimu. Shuleni wenzake walimwambia hapigi mswaki. Walimpa jina ambalo hatulirudii hapa. Akaanza kupiga mswaki mara nne, mara tano kwa siku, kwa nguvu. Haikusaidia. Mtu akamwambia mkaa uliosagwa unang'arisha, akasugua mkaa. Mwingine akamwambia ndimu, akaongeza ndimu. Alipotufungulia kinywa, fizi zake zilikuwa zimepanda kwa kusuguliwa mno, na maji ya baridi yalimchoma mpaka machozi. Lakini ukoga? Hata chembe. Hakuna jino lililotoboka. Kinywa kisafi kuliko vyote darasani kilikuwa cha binti aliyeamini kwamba yeye ndiye mchafu. Na kijana wa kiume aliyekaa mstari wa mbele, ambaye familia yake ilihamia kutoka Tanga, mwenye meno meupe ya kuvutia, alikuwa na magego matatu yaliyotoboka na fizi zinazotoa damu ukizigusa tu. Huyo hakuna aliyewahi kumcheka.

Tulieleza darasa zima kwamba rangi ile imo ndani ya ganda la jino, wala si uchafu uliokaa juu, kwa hiyo hakuna mswaki wala mkaa unaoweza kuitoa. Mkaa na mchanga hukwaruza ganda. Ndimu huliyeyusha. Ukivichanganya unafanya haraka ile kazi ambayo vijidudu hufanya kwa miaka. Wavulana walifanya mzaha, wakasema mwanamume hatazamwi meno. Tukaona ni vema kuwatenga, wasichana kwa mama mwalimu, wavulana kwetu. Mzaha ulikwisha mara moja. Mmoja alisema hapigwi picha. Mwingine alisema alikuwa akitaka kugombea uongozi shuleni, akaacha, kwa kuwa mgombea lazima asimame mbele ya shule nzima na kusema. Maumivu yalikuwa yale yale ya binti. Wasichana walificha meno kwa kitenge, wavulana waliyaficha kwa kujifanya hawajali.

Binti yule alipelekwa kwa daktari wa meno. Aliambiwa aache mkaa na ndimu, atumie mswaki laini, asugue mara mbili kwa siku kwa dakika mbili, basi. Akaelezwa pia kwamba madoa ya mbele yanaweza kupunguzwa kwa kusafishwa na mtaalamu kwa dawa maalumu, au kufunikwa kwa kiziba chenye rangi ya jino, kazi ambayo ina gharama na hudai kutazamwa tena baada ya miaka kadhaa. Mama yake anaweka akiba. Kwa sasa amehamia mstari wa pili wa kwaya. Jambo moja tunalisisitiza kwa mama mwenye binti wa namna hii: usimkabidhi kwa watu wa mitaani wanaoahidi kung'arisha meno kwa dawa isiyo na jina. Asidi haijui mahali pa kuishia.

Baada ya somo lile baadhi ya akina mama walituuliza, na ni swali la akili: ikiwa floraidi ndiyo iliyoharibu rangi ya meno, mbona mnatuambia tununue dawa ya meno yenye floraidi? Jibu liko katika wakati na njia. Madoa hutokea mtoto anapomeza floraidi nyingi meno yake yakiwa bado yanajengwa, tangu kuzaliwa hadi miaka kama 8. Kijana wa miaka 13 amekwisha kuvuka hapo. Meno yake yamekamilika, isipokuwa magego ya mwisho, na floraidi kidogo inayogusa jino kwa nje huliimarisha lisitoboke. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mtoto mdogo, weka kiasi cha punje ya mchele, akifika miaka 3 kiasi cha punje ya njegere, na umsimamie ateme. Kijana naye ateme tu, asisukutue kwa maji mengi mara hiyo, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Na asiye na fedha ya dawa asikae bure: mswaki wa mti, ukitafunwa ukawa laini na kufikishwa hadi nyuma, huondoa ukoga vizuri.

Turudi kwenye moyo wa kijana, maana tumeona mara nyingi kwamba mswaki ni kipimo cha hali ya nafsi. Kijana aliyekuwa msafi, kisha ghafla akaacha kupiga mswaki, kuoga na kuchana nywele, usikimbilie kumwita mvivu. Huenda nyumbani pana ugomvi unaomnyima usingizi. Huenda amefiwa na hakupewa nafasi ya kulia. Huenda kuna mtu anayemtenda vibaya naye hawezi kusema. Mvulana anayeanza kukaa na wavuta sigara au watafuna mirungi utamjua kwenye fizi na ulimi kabla hujamjua kwa harufu ya nguo, na anayekunywa soda kutwa nzima kwa sababu ya mirungi atakuwa na matundu shingoni mwa meno. Uliza kwa upole, mkiwa wawili, mnapochambua mchele au mnapotoka ibadani. Maswali ya mezani mbele ya wadogo zake hayazai jibu.

Wale wenye watoto wa bweni, fungeni miswaki miwili katika sanduku, kwa kuwa mmoja utaibwa au utaangushwa chooni, na mtoto wa kiume hataandika barua kuomba mwingine. Wengine huazimana, na wanaoazimana huwa hawasemi. Dawa ya meno nayo hupakwa kwenye chunusi na kung'arishia viatu vya raba, mtuamini. Fedha ya matumizi msiifanye kubwa kuliko inavyohitajika, maana huishia kwenye soda, biskuti na juisi za pakiti dukani mwa shule. Kinachotoboa meno zaidi ni kula kitamu kidogo kidogo mchana kutwa kuliko kukila mara moja pamoja na chakula.

Tumalizie na wale ambao bado wana nafasi, yaani wadogo zao. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, na mwaka 2018 kiwango cha taifa kikashushwa hadi 1.5. Kisima chenu kina kiasi gani? Haionekani kwa macho wala kwa ladha. Kwa maji ya vijijini waulizeni RUWASA, wakala iliyoanzishwa mwaka 2019, na ikiwa kijiji kina kamati ya maji, mama mmoja wa umoja wetu awemo ndani yake. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, madini yanabaki. Vichujio vya mkaa wa mifupa huipunguza. Kituo cha Ngurdoto hapa Arusha kimeifanyia kazi njia hiyo, na huko Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza vichujio vya namna hiyo kwa ajili ya wananchi. Magadi ya kulainishia makande yana floraidi nyingi, basi chakula cha mtoto mdogo kisitiwe.

Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Kwa hiyo mtoto yuko salama kwa miezi ile anayonyonya tu, na hatari huanza siku ya uji wa kwanza. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati safi karibu hayana floraidi kabisa. Mwenye bati na pipa moja lenye mfuniko, hata kama hayatoshi nyumba nzima, ayatenge kwa uji na maji ya kunywa ya mtoto aliye chini ya miaka 8, na awaambie wakubwa wasiyaguse.